Kutu Hupenda Palipofungwa

Katika gereji za Afrika Mashariki kuna kauli moja ambayo mafundi wa bodi na wenye malori huafikiana bila kubishana: chuma cha zamani kilikuwa chuma. Bedford ya miaka ya 1960, husemwa, ilinyeshewa masika baada ya masika na bado ukigonga mlango wake ulilia kwa sauti nzito, ilhali lori la siku hizi halijamaliza miaka kumi barabarani limeshatoboka chini ya mlango, kwenye pembe za kioo cha mbele na juu ya madigadi. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, na ina ladha ya masikitiko ambayo watu wa kazi za mikono huipenda. Lakini ukiipima kwa historia ya jinsi malori yalivyojengwa, yalivyokarabatiwa na yalivyopakwa rangi katika nchi hizi, utaona inakosea mahali pa msingi. Kilicholiokoa lori la zamani ni kwamba lilifunguka. Bodi yake ilikuwa ya vipande vilivyokazwa kwa bolti, fundi aliweza kufika nyuma ya karibu kila bati, na maji yaliyoingia yalikuwa na njia ya kutokea. Kutu ilipogeuka kuwa janga la malori, ilikuja pamoja na bodi zilizofumbwa pande zote, ikafuatwa na ufundi wa kufunika ambao uliikaribisha zaidi.

Tuanze na chuma chenyewe, maana hoja yote inakitegemea. Ili chuma kishike kutu kinahitaji maji na oksijeni, na mtu angedhani basi kwamba palipo na hewa tele ndipo panapolika haraka. Ulick Evans, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba mambo huenda kinyume. Ukidondosha tone la maji ya chumvi juu ya bamba la chuma lililosafishwa, ukingoni mwa tone, ambako hewa hupenya kwa urahisi, chuma husalia kizima. Katikati, ambako oksijeni imepungua, ndiko kinakoyeyuka, na kutu yenyewe hujikusanya kama pete kati ya sehemu hizo mbili. Kwa mwenye lori, tone hilo lina maana kubwa kuliko vitabu vingi vya matangazo ya rangi. Mabati mawili yanapolaliana na kuchomelewa kwa nukta, maji yaliyopenya katikati yao hukosa hewa, na hapo palipokosa hewa ndipo panapogeuka upande unaoliwa, huku uso wa nje ulio wazi ukisalimika kwa gharama ya ule uliofichwa. Isitoshe, kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ikishaanza ndani ya mshono huyasukuma mabati, mshono ukafunuka, maji mengine yakaingia. Kile kiuvimbe kidogo cha rangi ambacho dereva hukiona nje ya mlango ni habari iliyochelewa. Kazi ilianza upande wa pili zamani.

Pwani ilikuwa na uzoefu wa chuma na maji kabla injini ya kwanza haijashushwa bandarini. Mtepe, chombo cha baharini cha Wabajuni na cha visiwa vya Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari wa chuma, na Periplus ya Bahari ya Eritrea, ule mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, tayari unataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Haifai kudai kwamba kamba ilichaguliwa kwa kuogopa kutu. Chombo kinachonyumbuka hustahimili kupanda na kugonga mchanga, na hiyo peke yake ni sababu tosha. Linalofaa kutazamwa ni jinsi majahazi ya misumari yaliyochukua nafasi ya mtepe yalivyotunzwa. Msumari ulizungushiwa pamba iliyolowekwa mafuta kabla ya kupigwa. Mbao za juu zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chombo kilipandishwa ufukweni wakati wa bamvua, kikaachwa kikauke maji yakipwa, kikakwanguliwa, ndipo sehemu ya chini ikapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Mpango huo haukutegemea mpako wa kudumu milele. Ulitegemea ratiba ya kufika mahali pasipoonekana, kupakausha na kupapaka upya, na mwezi ndio uliotunza hesabu. Wazungu walikuwa wakiisaka dawa ya kudumu katika karne ya kumi na tisa: mwaka 1824 Humphry Davy alipendekeza vipande vya zinki au chuma viambatishwe kwenye shaba iliyofunika meli za kivita za Uingereza ili viliwe badala ya shaba, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyuka. Bati la paa tunalolijua leo ni mjukuu wa chovyo hilo, na tutalikuta tena likiwa limepigiliwa juu ya malori.

Malori yalipoanza kuwa mengi kati ya vita viwili vya dunia, mengi hayakufika yakiwa kamili. Kilichoshushwa Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi kilikuwa chesisi, injini na uso wa mbele. Iliyobaki ilijengwa huku. Mbao zilikuwepo, mvule na mninga zikiwa za kwanza kutajwa, na mafundi walikuwepo. Reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, ilileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na ingawa wengi wao walirudi kwao, njia ile ile iliendelea kuleta maseremala, wahunzi na mafundi wa Kipunjabi, Makalasinga kama walivyozoeleka kuitwa, ambao karakana zao ziliwafunza kazi vijana wengi Waafrika. Boksibodi ya Kenya ya wakati huo, gari la mbao juu ya chesisi ya Ford au Chevrolet, ilikuwa zao la mikono hiyo, na bodi ya lori la mizigo ilifuata mantiki ile ile. Magogo ya mbao ngumu yalilazwa juu ya chesisi na kubanwa kwa bolti zenye umbo la U, sakafu ya mbao ikapigiliwa juu, kuta zikasimamishwa kwa nguzo zilizoingizwa kwenye vishikio vya chuma, na penye kuhitaji kinga ya mvua pakawekwa bati lenye zinki. Ubao ukioza, ulitolewa huo huo. Chuma kikilika, kilifunguliwa, kikapigwa brashi ya waya, kikapakwa rangi nyekundu yenye risasi, kikarudishwa. Bodi nzima iliweza kuvuliwa kwenye chesisi ndani ya siku chache, na ilivuliwa, kwa sababu kuu ya kibiashara: chesisi iliyochoka ilibadilishwa, bodi ikahamishwa, au kinyume chake.

Mtu anayejua mbao atapinga hapa, na ana haki. Mbao hunywa maji na kuyashika. Gogo lililolowa likilazwa juu ya chesisi huiwekea kitambaa kibichi kwa wiki nzima, na lori lililobeba chumvi ya Gongoni au samaki wenye barafu kutoka Mwanza lilichuruzisha maji ya chumvi au ya damu kupitia nyufa za sakafu hadi kwenye vyuma vya chini. Ni kweli kabisa. Chesisi nyingi za zamani zililika hasa pale zilipogusana na mbao. Lakini uharibifu huo ulikuwa na sifa ambayo ule wa baadaye haukuwa nayo: ulionekana. Fundi aliyelegeza bolti nne aliliona kovu lote, na chesisi za malori, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za chuma chenye umbo la herufi C, wazi upande mmoja, si bomba lililofumbwa. Ubaya wa mbao ulikuwa ubaya unaofikika kwa mkono, na nusu ya vita dhidi ya kutu ni mkono kufika.

Mabadiliko yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na yalikuja kutoka viwandani Ulaya na Japani. Kebini ya chuma iliyokandamizwa kwa mashine kubwa ikachukua nafasi ya ile ya fremu ya mbao iliyovikwa bati. Bedford TK, iliyoanza kuuzwa karibu na mwaka 1960 na ambayo ilienea sana katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, ni mfano mzuri: kebini yake ilikuwa sanduku la mabati mengi membamba yaliyounganishwa kwa nukta za kuchomelea, yenye nguzo zilizo tupu ndani, vizingiti vilivyo tupu ndani, na milango yenye ngozi mbili. Ilikuwa nyepesi, nafuu kuitengeneza kwa maelfu, na tulivu kuliko sanduku la mbao. Miaka ya 1970 Kenya ikaanza kuunganisha malori kwa vipande vilivyoletwa kwenye makasha, Leyland ikiwa Thika, General Motors Nairobi na kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers Mombasa. Tanzania nayo ikaunganisha Scania huko Kibaha. Kwa hiyo kuchomelea na kupaka rangi kebini za chuma kukawa kazi ya mafundi wa hapa, ila umbo la kebini lilikuwa limeshaamuliwa kwingine, na ndani ya umbo hilo mlikuwa na vyumba visivyo na mlango.

Viwanda vyenyewe vilijua tatizo lilipo. Mwaka 1906 Mwingereza Thomas Watts Coslett alipata hataza ya kuchemsha chuma katika asidi ya fosfori ili kujenga juu yake utando wa fosfeti unaoshika rangi vizuri na kuzuia kutu kutambaa chini yake. Mwaka 1915 kampuni ya Parker ya Detroit ikaifanya mbinu hiyo biashara. Hatua kubwa zaidi ilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Ford ilipoanza kuzamisha vyuma vya magari ndani ya matangi ya rangi iliyochanganywa na maji na kupitisha umeme, ili rangi ivutwe na chuma. Kinachostahili kutazamwa katika mbinu hii ni kwa nini ilishinda upuliziaji. Rangi ya kupuliza hufunika kile bunduki ya rangi inachokiona. Rangi ya kuzamisha kwa umeme huingia ndani ya nguzo, nyuma ya mshono, chini ya kizingiti, na ili iingie na kutoka, wabunifu walilazimika kutoboa matundu katika kila chumba kilichokuwa kimefumbwa. Hata ushindi wa kisasa kabisa dhidi ya kutu, basi, ulipatikana kwa kufungua. Malori yaliyotengenezwa baada ya mbinu hiyo kuenea hudumu zaidi, na anayesema kwamba kila kipya ni kibovu anapingana na ushahidi. Ila kinga hiyo ni ya mara moja. Siku fundi anapokata kizingiti na kuchomelea kipande kipya, moto huunguza utando wa ndani kwa upana kuliko mshono wenyewe, na hakuna tangi la umeme Gerezani ya Dar es Salaam wala Kariobangi ya Nairobi la kulizamisha lori upya.

Sasa turudi kwa hoja ya unene, maana ndiyo ngome ya wanaolisifu lori la zamani. Bati nene huchukua muda mrefu kutoboka. Hesabu hiyo haina ubishi. Lakini unene hununua muda tu, haubadilishi mahali kutu inapoanza, na katika mshono uliofumbwa hata chuma kinene hupasuliwa na uvimbe wa kutu, kama reli na nguzo za madaraja zinavyoshuhudia. Halafu kuna jambo ambalo kumbukumbu zetu hulificha. Bedford chache tunazozikumbuka ni zile zilizobaki. Nyingine zilikufa mapema, na wala si kwa kutu. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake haramu tarehe 11 Novemba 1965 na Zambia kukatiwa njia ya mafuta, malori yalibeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam na kurudi na shaba kwenye barabara ya vumbi na matope iliyobandikwa jina la mbio za jehanamu, na Kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services ilipoundwa 1966 ikaanza na malori ya Fiat mamia kadhaa. Barabara hiyo ilivunja springi na chesisi kabla kutu haijapata nafasi. Yale yaliyosalimika huko na kwingineko yalidumu kwa sababu nyingine tena. Tanzania ilipotoka kwenye Vita vya Kagera mwaka 1979 haikuwa na fedha za kigeni za kununulia malori wala vipuri, na kwa miaka kadhaa lori lililokuwepo ndilo lililokuwepo. Mwenye lori asiyeweza kununua jingine hulivua, hulikwangua, hulipaka, hulirudisha. Mwaka 1984 watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, magari yaliyotumika yakaanza kumiminika, na subira hiyo ikapungua thamani. Uhaba, kwa maneno mengine, ulifanya kazi ambayo sifa zake tumezipeleka kwa chuma.

Wengine hawalaumu chuma, wanailaumu bahari. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar zina unyevunyevu mwingi karibu mwaka mzima, na upepo wa kusi hubeba chembe za chumvi hadi mjini. Chumvi huvuta unyevu na kuurahisishia umeme mdogo wa kutu njia yake. Hakuna haja ya kubisha. Hata hivyo chembe hizo hupungua haraka kadiri unavyoacha ufukwe, na malori ya Nakuru, Mbeya na Kampala nayo hutoboka, tena mahali pale pale: sakafu chini ya zulia la dereva, chini ya raba ya kioo cha mbele, ndani ya kizingiti. Bahari huharakisha, haichagui mahali. Tena chumvi inayoliua lori la mtumba mara nyingi haikutoka kwenye Bahari ya Hindi. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ya mawe kila baridi, na Japani, ilipopiga marufuku matairi ya misumari kwa sheria ya mwaka 1990 kwa sababu ya vumbi lililokuwa likiumiza mapafu ya watu mijini, ilijikuta ikitumia chumvi nyingi zaidi kuyeyusha theluji. Lori lililofanya kazi majira kumi ya baridi huko Hokkaido hufika bandarini kwetu likiwa na rangi inayong'aa na chumvi kavu ndani ya vizingiti. Mvua ya kwanza ya vuli huiamsha. Mnunuzi hulilaumu jua la pwani.

Land Rover si lori hasa, lakini ni jaribio ambalo historia ilitufanyia bure. Ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza na alumini ilikuwa imebaki tele kutoka viwanda vya ndege za vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Kama ubora wa malighafi ungekuwa ndio siri, gari hili lisingejua kutu. Kumbe lililika kwa namna yake. Chesisi yake ya chuma ilikuwa sanduku lililofumbwa, tope likaingia ndani na kukaa, ikaoza kutoka ndani. Ukuta wa mbele wa chuma ukaoza miguuni pa dereva. Na pale ngozi ya alumini ilipokunjwa juu ya fremu ya chuma, hasa chini ya milango, metali mbili zilizogusana penye maji zikageuka betri, na alumini ndiyo iliyoliwa ikawa unga mweupe. Wakati huo huo mabati yake makubwa ya nje, yaliyo wazi kwa upepo pande zote mbili, yapo mpaka leo katika mbuga na misheni za Afrika Mashariki. Na kwa kuwa karibu kila kipande kilikazwa kwa bolti, hata ukuta wa mbele mzima uliweza kufunguliwa na kubadilishwa, ingawa haikuwa kazi ndogo.

Sehemu ya pili ya hoja inahusu matengenezo, na hapa lawama haiwezi kupelekwa kwa waunda malori wa Luton wala wa Tokyo. Zamani tundu au bonde kwenye bati lilijazwa risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Kazi ilikuwa ngumu na ya sumu, lakini ilikuwa na adabu ndani yake: risasi haikamati juu ya kutu. Fundi asiyekwangua hadi chuma cheupe aliona kazi yake ikidondoka mbele ya macho yake. Puti ya poliesta, iliyoanza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1950 kisha ikaenea duniani, iliondoa adabu hiyo. Puti hukamata karibu juu ya chochote kwa muda wa kutosha lori kutoka gereji. Hupakwa juu ya kutu iliyopigwa msasa kidogo, juu ya karatasi au wavu uliozibia tundu, husuguliwa ikawa laini, hupigwa rangi, na lori hung'aa. Ndani yake kuna unga wa ulanga unaofyonza unyevu, na nyuma yake kutu ile ile iliyoachwa inaendelea, sasa ikiwa imefunikwa pande zote mbili, katika hali hasa aliyoieleza Evans. Kinachosemwa na mafundi wengi, kwamba puti huleta kutu, si sahihi kikemia, lakini kwa utaratibu wa gereji kinakaribia sana ukweli.

Matibabu yanayodumu ni ya kuchosha kuyasimulia. Bati lililooza hukatwa hadi penye chuma kizima, si hadi penye chuma kinachoonekana kizima. Kutu iliyobaki kwenye vinyweleo hugeuzwa kwa asidi ya fosfori, mbinu ya Coslett iliyotiwa kwenye chupa, au kwa tanini, ambayo hushikana na kutu na kuwa kitu cheusi kisichoyeyuka kwa maji. (Tanini hiyo ilipakiwa kwenye bandari zetu kwa miongo mingi: magome ya mikoko kutoka Rufiji na Lamu, miwati kutoka nyanda za juu za Kenya na kutoka Njombe, ambako Tanganyika Wattle Company ilianzishwa mwaka 1949. Ilikwenda kutengeneza ngozi. Watafiti wa Malaysia wameichunguza ya mikoko kama dawa ya kutu, na ni ajabu kidogo kwamba chupa ya dawa hiyo bado inaagizwa kutoka nje.) Kisha rangi ya msingi yenye zinki, kisha kuziba mshono, kisha rangi ya juu. Rangi nyekundu yenye risasi, iliyotumika kwa sifa kwenye meli, madaraja na chesisi, imeondoka kwa sababu njema. Kenya sasa inaruhusu sehemu 90 tu za risasi kwa milioni katika rangi, na mtoto wa fundi hapaswi kuvuta vumbi la baba yake. Baada ya yote hayo bado limebaki jambo ambalo ndilo hurukwa: upande wa ndani. Kurt Ziebart, fundi Mjerumani aliyeanzisha huduma ya kuzuia kutu Detroit mwaka 1959, alijenga biashara nzima juu ya drili. Alitoboa matundu madogo katika nguzo, milango na vizingiti, akapuliza nta ndani, akayaziba kwa vizibo vya plastiki.

Gereji zetu zina nta yao, nayo ni oili chafu. Kupuliza oili iliyomwagwa kutoka injini chini ya lori kabla ya masika ni desturi iliyoenea kutoka Mombasa hadi Kigoma, na wataalamu huicheka haraka kuliko inavyostahili. Oili hupenya mshono kwa uwezo ule ule wa maji, hivyo hufika pasipofikika kwa brashi, na pale ilipofika maji hayashiki. Ubaya wake ni kwamba huoshwa mapema, hulainisha na kuvimbisha raba, hudondokea mtaro, na imebeba asidi na masizi ya injini. Aliyeipaka vizuri, yaani ndani ya vizingiti na si juu ya tope lililoganda, amefanya jambo la maana kwa dawa mbaya. Aliyepaka juu ya tope amelifunga tope lisikauke.

Mwenye lori naye ana jibu lake, na ni jibu la hesabu. Lori lililosimama wiki mbili likikwanguliwa halibebi saruji, na mkopo haujui habari za mshono. Puti ya siku mbili inarudisha lori barabarani, na baada ya miaka miwili litakuwa la mtu mwingine. Hoja hii ni imara, na mafundi wanaohubiri usafi bila kuigusa wanapoteza muda wao. Udhaifu wake ni kwamba inahesabu bati peke yake. Kutu iliyofunikwa haikai kwenye ngozi; huteremka hadi vishikio vya kebini, ngazi, mikono ya madigadi na vyuma vya kukatiza chesisi, na huko lori husimama kwa siku ambazo mwenyewe hakuzichagua, mara nyingine likiwa na mzigo.

Imebaki pingamizi moja, iliyo bora kuliko zote, na hutoka kwa watu waliosoma uhandisi: kama kilichofumbwa nusu ni kibaya, kwa nini kisifumbwe kabisa? Bomba la chuma lililozibwa lisivujishe hewa hutumia oksijeni kidogo iliyomo kisha kutu husimama, na wajenzi wa madaraja hulitegemea jambo hilo. Ila daraja halipiti kwenye mashimo. Bodi ya lori hujipinda kila siku, mshono mmoja hupata ufa mwembamba kuliko unywele, na tangu hapo bomba huanza kupumua: jua la mchana hutanua hewa ikatoka, ubaridi wa usiku huivuta ikarudi na unyevu wake, ambao hugeuka matone ndani na hauna pa kutokea. Bodi za vyuma vya mraba zilizochomelewa, ambazo katika miongo ya karibuni zimezisukuma nyuma zile za mbao kwenye karakana za Nairobi na Dar es Salaam, ziko katika hali hiyo. Tundu la milimita 8 au 10 upande wa chini wa kila chuma, pale maji yanapokusanyika lori likiwa limeegeshwa, linatosha kuyatoa. Lakini mteja aliyelipia bodi mpya hapendi kuona matundu ndani yake, na fundi asiyetaka mabishano huchomelea ncha zote, akazisugua zikalingana, akampa bodi aliyoiagiza.